Maswali ya wasomaji: hab ya mbele inalia tak tak tak, ninunue mpya?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu ya zamani ya 4WD, zile ambazo unashuka unazungusha hab (kile kitovu cha katikati ya gurudumu la mbele) kwa mkono, FREE au LOCK. Wiki tatu saivi gurudumu la mbele kulia linatoa mlio tak tak tak nikiwa FREE, nikiongeza mwendo na mlio unaongezeka, ila nikiweka LOCK unapotea kabisa. Fundi wa huku kaniambia hab imekufa ninunue zote mbili. Kabla ya hapo nilikuwa nimeifungua mwenyewe nikaijaza grisi mpya, sikubania, ndo kelele ikaanza. Naweza kuirekebisha mwenyewe nyumbani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue kitu kwanza, maana jibu umeshaliandika mwenyewe hapo kwenye grisi. Ndani ya hab kuna ringi yenye meno inayoteleza kwenda mbele na nyuma, ukiweka LOCK springi inaisukuma meno yaingie na gurudumu lishikane na shafti (fimbo ya chuma inayolizungusha), ukiweka FREE inarudi nyuma yaachane. Sasa ukiijaza grisi nzito ya beringi ile ringi inakwama katikati, hairudi yote, ncha za meno zinagusana na kurukana kila gurudumu likizunguka, huo ndo mlio wako. Kwenye LOCK yanaingia mpaka mwisho ndo maana panakuwa kimya. Hab inataka grisi ya kupaka tu kwa kidole, utando mwembamba. Grisi ya kujaza ni ya beringi, na hapo ndipo wengi wanachanganya.

Ila kabla hujafungua hakikisha sio beringi. Weka 2H (gari livutwe na magurudumu ya nyuma tu), zuia matairi ya nyuma, inua mbele na uweke stendi, usitegemee jeki peke yake tafadhali. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza mwambie mtu akanyage breki utikise tena, mchezo ukiisha ni beringi imelegea, ukibaki basi angalia bolijointi au kingpini, yaani viungo ambavyo gurudumu hugeukia. Alafu hab ikiwa FREE zungusha gurudumu huku unaangalia shafti kwa nyuma, isizunguke.

Kufungua sio kazi. Toa boliti za kifuniko, kwa Toyota nyingi ni sita za spana namba 10, kifuniko kinatoka na swichi yake ya FREE na LOCK. Toa klipu iliyo kwenye ncha ya shafti, ikigoma ingiza boliti ya milimita 8 kwenye tundu la katikati ya shafti uivute nje kidogo, klipu italegea yenyewe. Zile nati sita za kwenye bodi ya hab zina washa za umbo la koni ambazo zinang'ang'ania sana, legeza nati lakini usizitoe zote ili nyuzi zisiumie, gonga ncha za stadi (boliti zilizoshika nati hizo) kwa kipande cha shaba mpaka koni ziruke. Usitumie patasi hapo, nimeona bodi zimepasuka kwa haraka ya mtu.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na brashi mpaka chuma kionekane, kausha, kisha chukua ile ringi uipitishe ukucha kwenye ncha za meno. Ukisikia kona kali, hab yako nzima. Zikiwa zimeviringika kama meno ya msumeno wa zamani, hapo fundi wako yuko sahihi na utabadilisha, lakini ya upande huo tu. Angalia na springi isiwe imevunjika. Ringi iteleze kwa kidole bila kusukumwa kwa nguvu, ikikwama kuna kutu, piga msasa laini taratibu.

Wakati wa kurudisha swichi iwe FREE na zile ndimi za kifuniko zikae kwenye nafasi za bodi zisizo na meno, ukikosea hapo utakaza boliti na utavunja ndimi. Gasketi mpya, kaza boliti kwa mzunguko wa kupishana, kisha kabla hujashusha gari zungusha swichi mara kadhaa na kila mara zungusha gurudumu kwa mkono usikilize. Tembea kidogo ukague tena nati, washa za koni huwa zinakaa chini zikipata mtikisiko.

SWALI: Nilisahau hab moja kwenye LOCK nyingine FREE nikasafiri hivo siku nzima kwa 2H, nimeharibu?

JIBU: Hapana, difu ya mbele (gia inayogawa nguvu kwa shafti za kulia na kushoto) ilikuwa inazunguka bure upande mmoja tu. Ila ungeingia matopeni na 4H (magurudumu yote manne) hivohivo usingepata mvuto mbele, maana difu ya kawaida inapeleka nguvu yote kwenye shafti iliyo huru. Ukizungusha moja kazungushe na ya pili kabla hujarudi kwenye usukani.