Asilimia imeshuka, mifuko imeongezeka

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kutangaza biashara mtandaoni, kuna namba moja mtaipenda mapema sana: asilimia ya walionunua kati ya waliofungua tangazo. Ni namba nzuri, ila mimi iliwahi kuniponza.

Nilikuwa namtangazia mama mmoja wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, muuza mchele wa Kyela, mifuko ya kilo 25 inayosafirishwa kwa basi. Mwezi wa kwanza tulilipia tangazo shilingi 20,000, likaenda Mbeya na Iringa tu. Wakafungua watu 400, wakanunua 20, kila mmoja mfuko wake. Asilimia 5. Mwezi wa pili tukaweka 60,000 na kulifikisha Dodoma na Dar es Salaam. Wakafungua 1,200, wakanunua 36. Asilimia 3. Nikamfuata dukani kumwambia tangazo limechoka, tulisimamishe.

Hakubishana nami. Alifungua daftari lake la oda, lenye vumbi la pumba kwenye mikunjo, akaweka kidole.

"Mwanangu, huku mifuko 20, huku 36. Kila mfuko unaniachia 6,000. Toa hela ya tangazo, halafu uniambie."

Nikapiga hesabu palepale juu ya gunia. Mwezi wa kwanza alibakiwa na 100,000, wa pili 156,000. Tangazo halikuwa limechoka. Lilikuwa limefika kwa wageni wasiomjua, na mgeni hanunui kwa wepesi wa jirani. Swali nililopaswa kuuliza ni moja: ile 40,000 tuliyoongeza imerudi? Ilirudi, maana mifuko 16 ya ziada ilileta 96,000. Ingekuwa imeleta mifuko 5, yaani 30,000, hapo ningekuwa na haki ya kusimamisha.

Kwa hiyo usiwachanganye wateja wa zamani na wageni kwenye hesabu moja. Wanaoangalia status yako ya WhatsApp wameshakula mchele wako. Wakinunua 6 kati ya 30, hiyo ni asilimia 20, lakini usitegemee mtu wa Facebook aliyekuona leo afanye hivyo. Kila kundi lipe mstari wake.

Namba ndogo nazo zinadanganya. Ukitangaza parachichi za Njombe, wakafungua watu 40 na kununua 2, ni asilimia 5. Akiongezeka mmoja tu inaruka hadi 7.5. Nimeona vijana wakibadilisha picha, bei na maneno ya tangazo kwa sababu ya mteja huyo mmoja. Subirini watu waongezeke.

Jambo la tatu ni siku. Mtu anauliza "bei gani?" tarehe 12, anakaa kimya, analipa mshahara ukitoka. Ukifunga hesabu tarehe 20 utamwandika kuwa hakununua. Mhesabu kwenye mwezi aliofungua tangazo, hata kama umeshaufunga, rudi urekebishe. Na aliyeuliza bei si mnunuzi, aliyeweka oda bado si mnunuzi. Andika pale hela inapoingia kwenye simu.

Haya yote yanahitaji kujua mteja katokea wapi, na simu haitakwambia kila kitu. Siku hizi mama yule, kabla hajamtumia mteja picha ya risiti ya basi, humuuliza kwanza: "Ulituona wapi?" Jibu analiandika kwa kalamu nyekundu pembeni ya jina.