Burundi haikukosea kuyataja makabila

Ndugu Mhariri, mmeuliza wiki hii kama nchi iliyotoka katika vita vya kikabila iyafute makabila katika sheria zake ili wabaki raia tu, au iyataje waziwazi na kugawana madaraka kwa mgawo. Kwa Burundi, jibu langu ni kwamba yatajwe.

Naielewa njia ya Rwanda. Kitambulisho cha tangu enzi za Wabelgiji kilionyesha kabila, na mwaka 1994 kilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani ili kuamua nani auawe. Serikali iliyofuata ilikuwa na kila sababu ya kukiondolea maandishi hayo. Lakini Burundi hofu ilikuwa ya namna nyingine. Tangu mauaji ya 1972, jeshi lilipowaua Wahutu wengi na wengine wakakimbia nchi, na zaidi baada ya wanajeshi kumuua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu, Oktoba 1993, Wahutu waliliogopa jeshi lililoongozwa na Watutsi, nao Watutsi, ambao wenzao wengi waliuawa vijijini kufuatia kifo hicho, waliogopa kubaki bila jeshi hilo. Hofu kama hiyo haimtoki mtu kwa kuambiwa kwamba sote ni Warundi.

Mkataba wa amani ya Burundi uliotiwa saini Arusha Agosti 2000 uliizingatia hofu hiyo. Katiba ya 2005 ikaweka bungeni asilimia 60 ya Wahutu na 40 ya Watutsi, katika Seneti nusu kwa nusu, Watwa, kabila la tatu lililo dogo kabisa, nao wakatengewa viti, na, jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, jeshini kabila lolote lisizidi nusu. Mwaka 2015, Rais Pierre Nkurunziza, Mhutu, alipong'ang'ania muhula wa tatu, waliompinga walikuwa Wahutu na Watutsi pamoja, na jenerali aliyeongoza jaribio la kumpindua, Godefroid Niyombare, ni Mhutu aliyekuwa mwasi pamoja naye msituni. Damu ilimwagika, tena nyingi, lakini jeshi halikugawanyika kikabila.

Wapo wanaosema mgawo unawazuia watu kuwa raia. Aprili 30, 1997, waasi wa Kihutu waliwaamuru wanafunzi wa seminari ya Buta, kusini mwa Burundi, wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa kugawanywa, wakasimama kama raia tu, na 40 wakauawa. Sheria haiwezi kumdai kila raia ujasiri ule, bali inapaswa kuhakikisha hakuna kijana anayefikishwa tena mahali pale.

Ninachokilalamikia ni kwamba mgawo uliishia maofisini. Mkimbizi wa 1972 aliporudi kutoka Tanzania, mara nyingi alikuta shamba la baba yake linalimwa na mwingine, ambaye pengine alipewa na serikali na amewazalia watoto wake hapo hapo. Wote wawili wana madai yanayoeleweka, na kila mmoja hupima kama yeye ni raia kamili kwa namna kesi yake inavyosikilizwa.

Katiba ya 2018 iliipa Seneti jukumu la kutathmini kama mgawo uendelee. Wa bungeni unaweza kujadiliwa. Wa jeshini usiguswe kabla kesi za mashamba hazijaamuliwa kwa namna ambayo aliyerudi na aliyebaki wote wanaiamini.