Mnaorudi ibadani: madirisha kwanza, kwaya mwisho

Mtoa mada, simamisha hayo mazoezi ya kwaya ya Ijumaa. Simamisha kwanza, halafu ndo uendelee kusoma.

Umesema kanisa lenu linarudi kuabudu ana kwa ana baada ya miezi ya kusali kwa simu kwa ajili ya korona. Umeuliza viti vipangweje, meza ya Bwana itolewe vipi, shule ya Jumapili irudi lini, na ile mashine ya kupulizia dawa mnunue au mkodi. Halafu kule chini kabisa, kama kitu kidogo tu, ukaandika kwamba kwaya itaanza kujifua mapema kwenye chumba cha nyuma "maana ni wachache". Hako kamstari ndo kamenifanya niandike usiku huu. Na kwetu waliingia chumbani kwa neno hilohilo, wachache.

Sisi kamati tulijiandaa kweli, asije mtu akasema tulidharau. Akaja bwana mmoja na begi limejaa vyeti, akatuambia akishapuliza ukumbi Jumamosi basi Jumapili kirusi hakina pa kukaa, akatuachia na stika ya kubandika mlangoni kwamba jengo ni salama, na sisi kwa hamu ya kurudi tukamuamini, hela yote ya maandalizi ikaishia kwake na kwenye bunduki ya kupimia joto. Sasa sikia. Dawa inaua kilichokaa juu ya benchi muda ule inapopulizwa, kile kitakachotoka kifuani kwa mtu kesho yake saa nne asubuhi haikijui. WHO, Shirika la Afya Duniani, walishaandika tangu Mei 2020 kwamba hawashauri kupulizia dawa ndani ya vyumba kama desturi, na yale mahandaki ya kuwapuliza watu wakipita mlangoni wakayakataa kabisa, kwa hali yoyote ile. Yule bwana alikuja kwetu baada ya hapo! Alijua au hakujua, mimi hilo bado linaniuma, maana mtu anayekuuzia usalama ana wajibu wa kujua. Huyo aliyewaletea nyie bei muulizeni swali moja tu: dawa yako inafanya nini kwa hewa mtu anayoitoa akiimba? Mkae kimya mumsikilize.

Kwaya sasa. Mazoezi yakaanza, chumba cha nyuma, madirisha yamefungwa ili majirani wasilalamikie kelele, barakoa zimeshushwa kidevuni kwa sababu mwalimu anataka asikie soprano vizuri, zaidi ya saa mbili, tena na pambio za kumalizia. Mlangoni wote walipimwa joto na wote walikuwa sawa. Ndani ya wiki mbili karibu besi yote iko kitandani, mwalimu wa kwaya yuko hospitali kwenye oksijeni, na mama mmoja wa alto, aliyeimba humo tangu wengi wetu tuko watoto, tulimzika. Tulimzika bila wimbo. Kanisa likafungwa tena, na safari hii watu walikuwa wazito kurudi kuliko mara ya kwanza, na siwalaumu hata kidogo.

Ile bunduki ya joto isiwape amani. Mtu anaweza kuambukiza siku moja mbili kabla hajasikia chochote, na wengine hawasikii kitu mpaka mwisho. Homa unayoitafuta mlangoni inakuja ikiwa imechelewa.

Na taarifa zilikuwepo wakuu, ndo linalouma zaidi. Kuna kwaya ya Skagit Valley, jimbo la Washington kule Marekani, walikutana tarehe 10 Machi 2020 kwa mazoezi ya saa mbili na nusu. Walikuwa watu 61, mmoja ana mafua ya kawaida, angalau ndivyo yalivyoonekana. Wakaugua 53, kati yao 33 walithibitishwa kwa kipimo na 20 wakahesabiwa kwa dalili, wawili wakafariki. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walitoa ripoti yake Mei 2020. Na Frankfurt Ujerumani, Mei hiyohiyo, kanisa moja lilirudi ibadani, likasema lilifuata umbali na vitakasa mikono, lakini waliimba, na zaidi ya watu 100 wakaambukizwa. Mikono ilikuwa safi jamani. Hewa je?

Ukiimba unavuta pumzi ndefu na unaisukuma nje kwa nguvu, inatoka na vitone vidogo mno visivyoanguka chini haraka, vinaelea na kujazana chumbani. Fikiria moshi wa sigara, mtu akivutia kona ile wewe wa kona hii utausikia hata akiwa mita tano. Ndo maana zile alama za mita mbili sakafuni zinasaidia kwa mate ya karibu ila chumba kikifungwa masaa mawili hazitoshi.

Kwa hiyo mimi kanuni yangu ni moja na nitaisema mpaka mnichoke: madirisha yafunguke kabla midomo haijafunguka. Fungueni pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, siyo upande mmoja. Feni iwekwe dirishani ielekee NJE, itoe hewa chafu, maana feni ya darini inazungusha ileile tu, na kiyoyozi cha ukutani cha kawaida nacho kinapoza hewa ileile iliyokwisha pumuliwa, kwa hiyo wale wanaosema "tuna kiyoyozi" hawajajibu swali. Hela ya mashine ya dawa nunueni kile kifaa kidogo cha kupima kaboni daioksaidi, ile tunayoitoa tukipumua, ikijazana ujue hewa haibadiliki. Nje kinasoma kama 400 na kitu (ppm), ndani ikipanda kupita 800 punguzeni watu au fungueni zaidi. Kati ya ibada na ibada acheni jengo tupu milango wazi. Na ibada iwe fupi, Kenya walipofungua nyumba za ibada Julai 2020 walianza na saa moja tu na watu wasiozidi 100, watu walinung'unika sana ila muda wa kukaa ndani ni sehemu ya dozi ya kirusi unayoivuta.

Punguzeni na spika! Hili hakuna aliyetuambia. Kinanda na spika vikipiga kwa nguvu watu wote wanapaza sauti kushindana navyo, bila hata kuimba.

Kwaya irudi mwisho kabisa, na ikirudi ianzie nje uwanjani, wachache, na barakoa, mkifika nusu saa mnapumzika. Kati ya hatua moja na nyingine pisheni wiki mbili, maana ugonjwa unaweza kuchukua mpaka siku 14 kujitokeza, mkirudisha kila kitu Jumapili moja hamtajua kipi kimewaumiza.

Mtaambiwa hamna imani, kanisa gani halina nyimbo. Sisi baada ya msiba tulisoma Zaburi kwa kupokezana, kiongozi mstari mmoja, sisi mstari mmoja, kwa sauti ya chini, na niseme ukweli kuna Jumapili nililia kwa kuwasikia watu wakisoma vile. Ibada ilikuwepo.

Viti siyo kazi ngumu, wanaoishi nyumba moja wakae pamoja, wengine wapeane nafasi, na mlangoni muandike majina na namba za simu ili mtu akiugua mjue wa kuwapigia.

Mpigie mwalimu wa kwaya leo, usimtumie meseji. Akibisha nipe namba yake inbox niongee naye mimi.