Ndui ya kuku: acheni kubandua vigaga

Swali: Dokta, nafuga kuku wa kienyeji huku Urambo, Tabora. Wana vinundu usoni, na vifaranga kadhaa macho yameziba. Nimewapa OTC (antibiotiki ya oxytetracycline) kwenye maji, sioni nafuu. Muuza dawa mnadani anasema nibandue vigaga nipake mafuta ya taa. Au kuna antibiotiki kali zaidi?

Jibu: Hakuna, na usiitafute. Ndui ni kirusi. OTC huzuia bakteria kutengeneza protini zao. Kirusi hiki hakina mtambo wa protini wa kuzuiwa, kinatumia wa kuku mwenyewe. Kinazaliana ndani ya seli za ngozi, nje ya kiini, kwa vimeng'enya vyake chenyewe vya kunakili DNA. OTC haina pa kukigusa. Antibiotiki ni ya kuku ambaye vidonda vyake vimeingia usaha, basi.

Hilo la kubandua ndilo linaloniudhi kila msimu wa mbu. Kigaga kimejaa virusi, na kikikauka hubaki navyo hai kwa miezi. Ukikibandua unamwaga ugonjwa bandani, halafu umemwachia kuku kidonda kibichi ambacho mafuta ya taa yanakiunguza. Usikiguse! Ndui ya ngozi huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya wiki tatu au nne. Kifaranga asiyeona hufa kwa njaa na kiu, kwa hiyo mtenge, msafishe jicho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, umsogezee chakula na maji mdomoni. Wenye utando kooni ndio hali yao mbaya.

Wazima wachanje sasa. Chanjo ya mdondo (Newcastle), ambao ni ugonjwa mwingine, haizuii ndui, hata kama ulichanja mwezi jana. Ya ndui hutobolewa kwenye ngozi nyembamba ya bawa. Baada ya siku 7 hadi 10 funua bawa utazame. Kwa kuku ambaye hajawahi kuugua wala kuchanjwa, pasipo na kivimbe au kigaga chanjo haikushika, pengine ilipata joto njiani. Mwakani wachanje Oktoba, kabla ya mvua.

Na ninyi mnaonunua dawa minadani kwa kuelezwa tu: kila OTC inayotolewa bila sababu inawazoesha bakteria dawa, na siku kuku akiugua bakteria kweli haitamfaa. Mayai ya kuku waliokunywa dawa hiyo msiyauze wala kuwapa watoto mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe. Pakiti isiyo na maandishi hayo msiinunue.