Umeme ukikatika, feni haisimami papo hapo: kupanga sauti ya filamu ya taharuki

Wanafunzi wengi wanaotengeneza filamu ya taharuki kwa mara ya kwanza huikumbuka sauti wakati picha imeshakatwa na zimebaki siku mbili za kukabidhi kazi. Hapo hutafuta muziki wa kutisha mtandaoni na kuumwaga juu ya kila kitu. Hofu haikai humo. Hukaa kwenye sauti ya kawaida iliyonyamaza ghafla, na sauti itakayonyamaza sharti iwe imewekwa mapema, tangu kwenye skripti.

Chukua sini ambayo kila mkazi wa Dar anaijua: dada yuko peke yake sebuleni usiku, umeme unakatika. Kosa la kawaida ni kuzima treki zote (mistari ya sauti kwenye programu ya kuhariri) kwa mpigo mmoja. Mtazamaji hahisi giza, anadhani simu yake imegoma. Anza na tabaka 4: friji, feni ya dari inayolia kila mzunguko, televisheni ya jirani, na bomba la jikoni linalodondosha maji. Ziache sekunde 30 hadi 40, mpaka azizoee na asizisikie tena. Umeme ukienda, televisheni inakatika katikati ya neno. Kompresa ya friji inatikisika mara moja na kutulia. Feni inaendelea kuzunguka, inalegea, na ule mlio wake wa nyii, nyii unaachana kidogo kidogo kwa sekunde 15 au zaidi. Mtaani watu wanaguna, "Aaah!" Baada ya hapo tone la bomba, lililokuwepo tangu mwanzo, linasikika kwa mara ya kwanza. Sasa ndipo uweke hatua za mtu mwenye kandambili nje kwenye korido. Kisha nyumba ya tatu wanawasha jenereta: hatua hazisikiki tena, na dada hajui kama yule mtu amesimama au anakuja. Noti ya muziki haikuhitajika hata moja.

Kwa hiyo soma skripti ukiwa na daftari lenye safu 4: kinachosikika na kuonekana, kinachosikika bila kuonekana, nani ndani ya sini anakisikia, na kinachonyamaza. Safu ya mwisho ikiwa tupu kurasa 3 mfululizo, nenda kaongee na muongozaji kabla hajapanga ratiba.

Lokesheni ikaguliwe saa ileile mtakayorekodi. Nyumba iliyotulia saa 4 asubuhi inaweza kuwa na kunguru juu ya bati saa 12 jioni, na adhana ya magharibi muda mfupi baadaye. Adhana iandike kwenye ratiba, mpumzike, kwa heshima na pia kwa sababu ya kiufundi: ikisikika kwenye teki moja na isisikike kwenye inayofuata, mkato wenu utaruka na hakuna wa kuuficha. Bati lenyewe hulia likipata jua na likipoa. Masika, usitegemee dari yoyote ya bati kwa mazungumzo. Chumba chenye vigae na kuta za saruji kina mwangwi, basi tandika magodoro na mablanketi upande ambao kamera haiuoni. Friji izimwe, na funguo za gari lililobeba vifaa ziwekwe ndani ya friji hiyo. Hakuna atakayeondoka na kuacha samaki wa mwenye nyumba waoze.

Kurekodi: chagua kwenye rekoda faili la WAV (sauti isiyobanwa), 48 kHz, biti 24, vilele vya mazungumzo vikiwa kati ya -18 na -12 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti; 0 ndiyo kikomo cha rekoda). Ugumu wa taharuki ni kwamba mwigizaji hunong'ona, kisha hupiga ukelele kwenye sentensi ileile. Ukelele uliopasuka haurekebishiki. Rekoda yako ikiweza, weka treki ya pili ya sauti ileile, iliyoshushwa dB 10 hadi 12. Isipoweza, rekodi ukelele peke yake baada ya teki. Maiki ya bumu (inayoshikiliwa kwenye mti mrefu) iwe sentimita 40 hadi 60 kutoka mdomoni. Ya kubana kwenye nguo inakwaruzwa vibaya na kitenge kipya chenye ugumu wa dukani, hivyo kifuliwe mara 2 kabla. Na kabla watu hawajaanza kufungasha, wote wasimame kimya sekunde 60 urekodi chumba kitupu, maiki ikiwa palepale. Bila hiyo, kila mkato wa mazungumzo utakuwa na tundu.

Hatua, vitasa na nguo rekodi upya wenyewe, kwa karibu. Kandambili kavu kwenye saruji na kandambili mbichi kwenye vigae ni watu wawili tofauti, hivyo mchagulie mhusika anayemfuatilia dada sauti moja na usibadilishe. Mfupa unaovunjika ni karoti mbichi ndani ya kitambaa chenye maji. Sauti za kupakua mtandaoni zina matatizo yake: leseni kwanza, halafu mbwamwitu wa theluji anayelia usiku wa Tabata. Tuna komba, anayelia kama mtoto mchanga kwenye viunga vyenye miti. Huyo anatosha kabisa.

Mvumo mzito wa chini ndio unaopendwa kuliko vyote na ndio unaopotea. Spika ya simu karibu haitoi chochote chini ya 200 Hz (hezi, kipimo cha uzito au wembamba wa sauti), na wengi watatazama kwenye simu. Uongezee sauti nyembamba kidogo, mkwaruzo au mtetemo wa bati, ili ubaki na umbo. Mshtuko nao usiutafute kwa kupandisha sauti. Shusha mazingira dB 6 polepole kwa sekunde 10 kabla yake.

Ukimaliza, mkalishe mtu asiyejua hadithi, mgongo kwenye skrini, umchezee sini kwa simu ya kawaida. Muulize muuaji aliingia lini, na kupitia mlango upi.