Mikono Iliyolegea: Je, Vyuma Vitanifanya Baunsa?

*Nina miaka 34 na watoto wawili. Nikivaa blauzi isiyo na mikono, nyama uzembe za nyuma ya mkono zinatikisika. Mwezi wa tatu sasa nanyanyua chupa za maji za nusu lita, mara 100 kila siku, na sioni badiliko. Nikitaja vyuma, naambiwa nitatoka mikono ya baunsa. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro*

Dada, bidii unayo, uzito ndio haupo. Chupa ya nusu lita ni nusu kilo. Mfuko wa sokoni unaobeba kila wiki unaipita mbali, na msuli haubadiliki kwa mzigo usioushtua. Ukiweza kurudia mara 100, hapo unajenga ustahimilivu tu.

Hilo la ubaunsa liondoe moyoni. Homoni inayokuza misuli kwa kasi, testosteroni, mwanamke anayo kidogo mno ukilinganisha na mwanaume. Wanawake wenye misuli mikubwa unaowaona jukwaani wamenyanyua mizigo mizito kwa miaka, wanakula kwa mizani, na baadhi wanachoma homoni. Kinachowatisha wengi ni kwamba mara baada ya zoezi damu hujaa kwenye msuli, mkono unavimba na nguo inabana. Wanaacha hapo hapo. Wangesubiri saa chache wangeuona umerudi kama kawaida.

Kinachotikisika ni mafuta yaliyo chini ya ngozi, na chini yake kuna traisepsi, msuli wa nyuma wenye vichwa vitatu unaochukua takribani theluthi mbili ya mkono wa juu. Mazoezi ya mkono hujenga msuli huo. Mafuta yake hayayeyushi pale pale. Mwaka 1971 watafiti nchini Marekani walipima wachezaji wa tenisi: mkono unaoshika raketi ulikuwa mnene zaidi, lakini mafuta ya chini ya ngozi yalilingana na ya mkono wa pili. Mafuta hupungua mwili mzima, na hayo ni ya jikoni na ya miguu: kutembea kwa haraka angalau dakika 150 kwa wiki, na kupunguza sukari ya chai kabla hujagusa ugali. Vijiko vitatu vya chai kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 36 hivi za sukari.

Sasa mazoezi. Siku tatu kwa wiki, usiunganishe siku mbili mfululizo.

Anza na pushapu za mikono ya karibu. Viganja upana wa mabega, viwiko vikwaruze mbavu wakati wa kushuka; vikitawanyika kama mbawa, kazi inahamia kifuani. Kama sakafuni ni vigumu kwako, anzia ukutani, kisha ukingo wa meza nzito, kisha kitanda. Seti (mizunguko) 3 za mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja na nusu kati ya seti.

La pili ndilo dawa yenyewe: kunyanyulia nyuma ya kichwa. Chukua dumu la lita 5, tia maji lita 2, ambazo ni kilo 2. Kaa kwenye kiti, lishike kwa mikono miwili juu ya kichwa, kisha likunje polepole kuelekea kisogoni ukihesabu hadi tatu, na ulipandishe. Viwiko vielekee juu, karibu na masikio. Kichwa kirefu cha traisepsi kimeshikwa kwenye mfupa wa bega, hivyo mkono ukiwa juu ndipo kinaponyooka na kufanya kazi kamili. Makosa ni mawili: kiuno kupinda (kaza tumbo), na dumu kuyumba. Dumu lenye maji nusu huchezacheza na kuvuta kiwiko pembeni, kwa hiyo wengi huishia kutumia mchanga mkavu. Lita moja yake ni kilo moja na nusu hivi. Seti 3 za mara 10 hadi 12. Mara mbili za mwisho za kila seti ziwe za kung'ang'ana. Ukifikisha 15 bila shida, ongeza nusu kilo.

Malizia kwa kuvuta: funga tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, vuta hadi viwiko vipite mbavu, seti 3 za 12. Usiache mgongo na mbele ya mkono nyuma.

Kujishusha kwenye kiti kwa mikono sikupendekezei mwanzoni. Ukishuka sana, sehemu ya mbele ya bega inabeba mzigo ikiwa imevutwa nyuma. Na viti vya plastiki hupinda miguu.

Pima kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, asubuhi kabla ya zoezi, kila wiki nne. Mwezi wa kwanza utaongeza nguvu tu. Umbo huanza kuonekana wiki ya 8 hadi 12.

*Kujifunga nailoni mikononi kunasaidia? – Msomaji, Kisumu*

Hapana. Unatoa jasho, ukinywa maji uzito unarudi. Ukibahatika utapata vipele tu.

*Nina miaka 58, nimepungua kilo 30, sasa ngozi ya mikono inaning'inia. – Msomaji, Tanga*

Shikamoo mama. Inua mkono, na kwa mkono wa pili ufinye kinachoning'inia. Kikiwa chembamba kama kitambaa, ni ngozi. Mazoezi yatajaza msuli chini yake, lakini ngozi iliyotanuka miaka mingi hairudi yote, na iliyobaki ni kazi ya daktari wa upasuaji. Anza na pushapu za ukutani, na kila mlo uwe na maharage, samaki, mayai au dagaa. Ila kama mkono mmoja tu ndio mnene, mzito au umevimba, hasa kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa titi, aende hospitali kabla ya kushika dumu.