Mombasa hadi London: kilomita ngapi, saa ngapi?

Ndugu, ni kama kilomita 7,240 kwa mstari wa moja kwa moja angani, na muda wa safari si saa 6 kama wengine wanavyodai. Kwa kawaida unaunganisha Nairobi: Mombasa–Nairobi weka saa moja, kisha Nairobi–London karibu saa 9. Ukijumlisha kusubiri, safari nzima ni saa 13 au zaidi.

Hiyo 6 inatokana na kusoma tiketi vibaya. Saa zilizochapishwa ni za kila mji. Tiketi ya Januari ikisema kuondoka Nairobi 23:50 na kufika 05:50, ongeza saa 3, maana London iko nyuma yetu kwa saa hizo. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ile ya mwisho ya Oktoba tofauti hupungua ikawa saa 2. Kurudi huwa kwepesi kidogo, kwa sababu pepo za juu kule Ulaya huvuma kutoka magharibi.

La kuangalia zaidi ni tiketi. Iwe moja, Mombasa mpaka London, na pale kaunta soma kile kikaratasi cha mzigo: kiandikwe LHR (Heathrow) au LGW (Gatwick), viwanja vya London, si NBO (Nairobi). Ukikata tiketi mbili tofauti, begi utalichukua mwenyewe Nairobi na kulikabidhi upya, na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungojei. Hapo acha nafasi ya saa 4.